Jina Nililoliandika Kushikilia Chumba

Jumatano, Turwa.

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Umekaa juu ya mahindi ya jirani kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima, na nguo nilizoanika jana bado zina unyevu. Nimefungua steshenari yangu, nimekaa kidogo, nimeifunga tena. Wateja nimewaambia umeme umekatika.

Umeme upo.

Nina jambo la kuandika. Nikilisema kwa mdomo watu watanipeleka kuombewa, na wiki hii sina nguvu za kuombewa. Kwa hiyo naliweka hapa, wachache mnaopita mlisome. Asiyeamini aendelee na shughuli zake, mimi mwenyewe sijaamua.

Wanaonisoma siku zote wanazijua zile pointi zangu, nimezilalamikia humu mpaka nimejichosha. Kwa mgeni, ni hivi. Ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, kuna kambi ya watalii kwenye kilima cha mawe makubwa. Baba yangu, Mwita, alikuwa fundi mawe. Kuna chumba kimoja pale alichokijenga kuta zote kwa mikono yake, na mpaka leo wafanyakazi wanakiita chumba cha mawe. Kazi ilipoisha, mwenye kambi akamwingiza kwenye klabu yao ya likizo kama zawadi. Ukiwa kwenye klabu hiyo huna chumba, una pointi. Kila mwaka pointi zinaingia kwenye akaunti yako, unazibadilisha na siku za kulala pale. Ukipenda unalala mwenyewe. Usipopenda unazipangisha siku zako kwa mtu mwingine, analala yeye na kukulipa wewe.

Baba hakuwahi kulala. Kila mwaka alipangisha, kwa sababu kila mwaka kulikuwa na ada ya shule, na ada yenyewe ilikuwa yangu. "Mwakani nitalala," alisema. Alisema hivyo hata mwaka aliotutoka.

Kitu kimoja zaidi kuhusu Baba, halafu niendelee. Kabla ya kuliweka jiwe ukutani aliligonga kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi, kisha akatega sikio. Akagonga tena, akatega tena. Jiwe zuri huitika, alituambia. Lisiloitika alilitupa pembeni, hata liwe limechongwa vizuri namna gani. Tulipokuwa wadogo tulimcheka sana kwa hilo.

Basi nikarithi pointi. Nikarithi na simu yake ndogo ya vibonyezo, kwa kuwa akaunti imesajiliwa kwa namba ile. Inakaa kwenye droo ya meza yangu. Na nikarithi biashara, niliyokuwa nikimtangazia tangu akiwa hai, ambayo kusema kweli ni wazimu mtupu.

Mshindani wangu ni kambi yenyewe. Naweka tangazo mapema, bei ya kistaarabu, picha nzuri zenye machweo. Watu wanapenda picha, wanauliza maswali, wanasema watanijibu. Hawajibu. Wanangoja wiki ya mwisho, maana wameshajua kwamba kambi ikiona vyumba vimebaki wazi inatoa punguzo la dakika za mwisho. Nikishusha bei, nao wanashusha. Nikishusha tena, wanaongeza na kifungua kinywa cha bure. Utashindana vipi na mwenye nyumba katika kupangisha nyumba yake? Wahenga walisema biashara haigombi. Hii yangu inagomba asubuhi mpaka jioni.

Mwaka jana sikupata mtu. Tulikuwa na msiba wa Baba, sikuwa na akili ya kutangaza chochote, na siku zetu zikapita chumba kikiwa kitupu. Sasa klabu ina sheria moja isiyo na huruma: siku zako zikipita bila mgeni miaka miwili mfululizo, uanachama umekwisha. Pointi zinarudi kwao, na chumba alichokijenga Baba kinakuwa chumba cha watu wengine tu. Hakuna barua ya kuomba, hakuna wa kumpigia magoti.

Mwaka huu ilikuwa lazima. Siku zetu ziliangukia Jumatatu na Jumanne hii.

Na nilikuwa na mteja! Marwa, mfanyabiashara wa Sirari, alitaka kumpeleka mkewe apumzike. Tulishaelewana kila kitu. Jumamosi akanipigia na kile Kiswahili chao cha mpakani, "Sista, hao wenyewe wametoa ofa, ni chini kuliko yako. Wacha nibuki huko kwao tu. Usiskie vibaya, hii ni biashara."

Nilimwambia sijasikia vibaya. Nilisikia vibaya sana.

Ubaya ni kwamba mfumo wa klabu unataka jina la mgeni mapema. Usipoweka jina, chumba kinarudishwa kambini wakiuze wao. Nikasema niandike jina lolote la kushikilia, nikipata mpangaji nitalibadilisha, si mara ya kwanza. Kwa uvivu nikataka kuliacha hilohilo la Marwa. Nikaandika herufi ya kwanza, M, na kabla sijaendelea mfumo ukanimalizia wenyewe jina lililozoea kuwamo humo.

Mwita.

Ningeweza kufuta. Ningeweza kuandika jina langu, Rhobi, lina herufi tano tu. Nililitazama lile jina kwenye kioo, na niseme ukweli, lilinifurahisha kuliona. Zilipita siku nyingi bila mtu kuliandika mahali popote. Mtu mzima mmoja, nikajaza. Nikabonyeza kuthibitisha, nikaenda kupika.

Jumapili mchana nikampigia Mama. Yuko Kemambo, kwenye mji wetu, na shamba lake na kuku wake. Mama ni mtu wa jumuiya, rozari haimtoki shingoni, lakini ni Mkurya kabla ya yote. Nikamweleza kwa kucheka, kama kichekesho, kwamba nimemwandika Baba kambini.

"Umemwandika wapi?"

"Kwenye chumba chake, Mama. Kushikilia tu."

"Umemtandikia kitanda?"

"Kitanda wanatandika wao. Ni jina tu, Mama."

 Nikasikia kuku wake, nikasikia upepo, nikadhani ameiweka simu chini.

"Rhobi," akasema, "wewe umemwita."

Nilicheka, maana nilidhani anachezea jina: umemwita Mwita. Hakuwa anacheza. Akaniambia mtu akitandikiwa kitanda na mtoto wake, na jina lake likatajwa, hawezi kukaa. Atainuka aje. "Sasa ataenda kule, na kule kuna mtu wake gani? Nani atampokea?"

"Mama, hiyo ni kompyuta."

"Kompyuta imeandikwa na nani?"

 Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mkuu mwenyewe akianza kuzungumzia wafu mchana kweupe, sisi watoto wa mjini tunasema mtandao unasumbua na kukata simu. Ndivyo nilivyofanya.

Jumatatu nzima nilipambana. Nilitangaza kwenye makundi yote, hata lile la wazazi wa shule ambako nilishaonywa nisitangaze. Nilishusha bei mpaka nikaona aibu. Kambi ikashusha nayo, ikaongeza na matembezi ya bure kilimani. Jua likazama bila mtu. Nililia kidogo nyuma ya mashine ya fotokopi, nikajifuta, nikamuuzia mtoto daftari. Nilikuwa nalilia kile chumba. Nilikuwa nawaza kwamba mtu alibeba mawe yale begani akitegemea mwakani, na mimi nimeshindwa kumtafutia hata mgeni mmoja.

Jina sikulibadilisha. Sikuwa na la kubadilishia.

Jana, Jumanne asubuhi, nikiwa nafungua mlango wa duka, ukaingia ujumbe kutoka kwa Gati. Gati ni dada wa usafi pale kambini, Mkurya mwenzetu aliyeolewa Ringwani. Ndiye anayewapokea wapangaji wangu wote, na hunitumia ujumbe wakifika. Aliandika hivi, nanakili ulivyo:

"Dada Rhobi za asubuhi. Baba amefika salama jana jioni. Amelala chumba cha mawe. Amekataa chakula cha hapa anataka uji wa ulezi. Ukija uje na unga."

Niliusoma nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa kwenye ngazi, palepale penye umande.

Uji wa ulezi. Baba hakunywa kitu kingine asubuhi. Chai aliiita maji ya wavivu.

Ikaja na picha. Ni baraza ya chumba cha mawe, imepigwa asubuhi ile. Kuna kiti, na juu ya kiti kuna koti la kahawia lenye kifungo kimoja kilichong'oka, na juu ya koti kuna kofia. Hakuna mtu. Kikombe kiko juu ya ukuta wa baraza, upande wa kulia wa kiti, na Baba alitumia mkono wa kulia kama watu wengi, kwa hiyo hilo halimaanishi kitu. Nilijiambia hivyo. Lakini lile koti nililijua, maana kile kifungo nilikuwa nimeahidi kukishona, nikachelewa.

Nikampigia Gati. Hapatikani. Nikampigia Mama. Hapatikani. Nikapiga mapokezi ya kambi, akapokea msichana wa Tanga mwenye Kiswahili kinachoteleza kama samli. Nikamuuliza kama aliyeandikwa Mwita amefika. "Ndiyo dada, wageni wako wameshaingia tangu jana," akasema, na kabla sijauliza la pili mtandao ukakata.

Nilifunga duka. Nilinunua unga wa ulezi. Hapo ndipo nilipojicheka, kwa uchungu: mwanamke mwenye stashahada ya biashara, amesimama sokoni anapimiwa unga wa marehemu.

Mchomoko, ile gari ndogo ya abiria, ulinifikisha Nyamongo, nikiwa nimebanwa kiti cha mbele na mama mwenye jogoo. Kutoka pale nikachukua bodaboda, nikamwambia dereva tupitie kwanza kwetu Kemambo nimchukue Mama. Sikutaka kwenda peke yangu. Ndiyo, niliogopa, andika hapo.

Mlango ulikuwa na kufuli. Kuku walikuwa nje wamemwagiwa mahindi mengi kuliko kawaida, kama ya kula siku nzima au zaidi. Nikaita, hakuna aliyeitika. Nikazunguka nyuma, kwenye migomba, ambako Baba amelazwa.

Kaburi lilikuwa limefagiliwa. Hilo si ajabu, Mama hulifagia. Ajabu ni kwamba ufagio haukuishia pale. Kulikuwa na njia iliyofagiliwa, nyembamba, safi, mistari ya ufagio bado inaonekana kwenye udongo. Ilitoka kaburini, ikapita kando ya zizi, ikapita uani, ikaenda mpaka barabarani. Majani yote yalikuwa yamesogezwa pembeni, huku na huku, kama tunavyomfagilia mgeni mkubwa anayetarajiwa. Lakini mgeni hufagiliwa aingie. Njia hii ilianzia kwa ndani.

Sikuikanyaga. Nilirudi kwa kupitia shambani, viatu vikajaa tope, na yule dereva wa bodaboda akaniuliza kama nimeona nyoka.

Daraja la Mto Mara tulilivuka kukiwa na jua kali, maana ng'ambo ile ukungu haufiki. Maji yalikuwa mengi na ya rangi ya chai ya maziwa.  Njia nzima nilikuwa nimeukumbatia ule unga.

Gati alikuja kunipokea getini akikausha mikono kwa kanga, anatabasamu, mtu wa kawaida kabisa kwenye siku ya kawaida.

"Umekuja na unga? Afadhali. Baba yuko kule nyuma, anaota jua."

"Gati, Baba gani?"

"Baba wako!" akasema, akinishangaa, akashika kapu langu na kutangulia.

Tulizunguka kilima. Nikaiona baraza kwa nyuma. Nikaona mgongo wa lile koti, na kofia juu yake, vikitazama bonde.   Nilisimama mbali nikilitazama, mpaka ikatoka sauti, si kwenye lile koti, bali kwenye kiti cha pili ambacho kilizibwa na nguzo.

"Hata shikamoo hakuna?"

Alikuwa Mama.

Niliketi chini. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na Gati akacheka kwa sababu mimi nacheka, bila kujua kwa nini. Ndipo nilipokumbuka kile ambacho mtoto mdogo wa Kemambo anakijua na mimi nilikisahau. Kwa Kikurya, mama anaitwa baba. Baba mzazi ni tata. Gati aliandika Kiswahili chote vizuri, ila alipofika kwa mama mtu mzima wa kwao, heshima ikamrudisha kwenye Kikurya. Baba amefika. Mama yako amefika. Mimi nililelewa Turwa kwa Kiswahili cha shule, Baba wangu ni Baba na Mama wangu ni Mama, nikasoma neno la kwetu kwa macho ya ugenini, nikakaribia kufa kwa woga.

Nilimweleza Mama. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Nilikuuliza nani atampokea," akasema. "Hukujibu. Ikabidi nije mimi."

Alikuwa ametoka nyumbani Jumatatu mchana, kwa bodaboda, na koti amelikunja mapajani, na kofia ya mumewe ameishika mkononi. Simu aliiacha nyumbani imezimwa. Alifika kambini akasema yeye ni wa nyumba ya Mwita, Gati akamtambua, wakampa ufunguo. Alisema haya yote kama mtu anayeeleza alivyokwenda gulioni. Kati yake na lile koti kulikuwa na vikombe viwili vya chai ya kambi. Chake kilikuwa kitupu. Cha pili kilikuwa kimejaa, kimepoa, kimeweka utando juu.

"Hajanywa," nikasema, kwa utani ambao ulinikwama.

"Si nilisema anataka uji."

Gati akaenda jikoni na unga, na Mama akamfuata amwonyeshe namna ya kuukoroga usishike madonge. Mimi nikaingia ndani kuweka mkoba.

Chumba ni kizuri. Sikuwahi kukiingia, hebu fikiri. Nimekitangaza miaka yote kwa picha za watu wengine. Kuna ubaridi fulani wa mawe, na harufu ya saruji ambayo nilidhani baada ya miaka hii ingeshakwisha. Kitanda ni kikubwa na kilikuwa hakijatandikwa. Pande zote mbili za shuka zilikuwa zimekunjamana, na mito yote miwili ilikuwa na shimo katikati. Mama hulala upande mmoja, ubavu wa kulia, hageuki mpaka asubuhi. Najua, nililala naye tangu msibani mpaka tulipomaliza matanga.

Nikiwa nautazama ule mto, nikasikia ukuta.

Ko. Kikapita kimya. Ko. Kimya tena, kirefu kidogo, cha mtu anayesikiliza.

"Mama?" nikaita. Nikachungulia dirishani. Mama na Gati walikuwa chini kabisa, mlangoni mwa jiko, wanabishana juu ya sufuria, nawaona wote wawili. Ukutani kukagongwa tena, jiwe lililofuata.

Nikajiambia ni pimbi. Kilima kile kimejaa pimbi, wanaruka kwenye mawe mchana kutwa, wanakwaruza, wanaangusha vijiwe. Hilo ni kweli, niliwaona wakati naingia.

Ila pimbi hawategi sikio.

Nilitoka nje haraka, nikasimama juani karibu na kiti cha Mama, mbali kidogo na kile kingine. Na hapo, palepale ambapo mtandao unashika kwa bahati, simu yangu ikaita. Marwa wa Sirari.

"Sista! Hao watu wako wamejaza, nimefika kwa mtandao nikakuta ofa imeisha. Bado uko na ile nafasi ya leo? Nakupa ile bei yako ya kwanza, na kitu juu. Niko njiani na mama watoto, usiniangushe."

Niseme ukweli, kwa kuwa humu sidanganyi: nilitamani. Kwa mara ya kwanza tangu nianze biashara hii ya kichaa, mtu ameikosa ofa yao akarudi kwangu. Nilikuwa nimewashinda. Ilikuwa ni kumwambia Mama akunje koti, tukanywe uji Kemambo, na mgeni hai, mwenye mke na mizigo, angelala pale, uanachama ukapona kihalali bila maneno mengi. Mdomo ulishafunguka kusema karibu.

Nikalitazama lile koti. Upepo uliingia mkononi mwake, mkono ukajaa, kisha ukatulia juu ya paja la kiti.

"Pole, Marwa. Chumba kina mtu."

"Nani tena?"

"Mwenyewe," nikasema, nikakata.

Mama alirudi na uji. Aliweka kikombe kimoja mbele ya koti kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akifanya siku zote, na kingine akanipa mimi. Tulikunywa. Nilipomwomba turudi wote alikataa. "Imebaki ya leo. Alingoja muda mrefu huyu, mwache amalize." Sikumbishia. Nilimwambia Gati amwangalie, nikashuka kilima jua likiwa bado juu, na sikugeuka nyuma. Naona haya kusema, lakini kabla ya kuondoka niligusa ule mkono wa koti. Ulikuwa na joto. Jua lilikuwa linaupiga, bila shaka.

Leo basi.

Asubuhi Mama amenipigia, yuko nyumbani, kuku wazima. Sauti yake nyepesi, sijaisikia hivyo tangu msibani. "Tumelala vizuri," akasema. "Tumerudi salama. Tata amekwenda kupumzika." Nikamuuliza ile njia aliyoifagia ataiacha hivyohivyo? Akasema hapana, ameshairudishia majani.

Nilijisikia vizuri. Nilifungua duka nikiimba. Mama amemaliza huzuni yake kwa namna yake, chumba kimepata mgeni, na mimi nimejifunza kutosahau Kikurya. Kisa kizuri cha kuwachekesha humu. Nilishakipangia hata kichwa cha habari.

Ndipo simu ya Baba ikalia kwenye droo. Ni mlio wa ujumbe, ule wa zamani. Ilikuwa klabu.

"Ndugu Mwita, asante kwa kukaa nasi. Wageni waliolala: watu wazima wawili. Uanachama wako unaendelea. Karibu tena mwakani."

Wawili. Mimi niliandika mmoja, na Mama alikwenda peke yake na koti. Nikasema hawa wameona vikombe viwili wakahesabu wawili, wasije wakanikata pointi za mtu wa pili. Hiyo ndiyo iliyonifanya nipige simu, pointi, sikuwa na wazo lingine. Akapokea yuleyule msichana wa Tanga.

"Ah, hapo ulikosea wewe dada, tukakurekebishia," akasema kwa uchangamfu wake. "Ulijaza mmoja. Walipofika Jumatatu nilikuwa zamu mwenyewe, nikawaona wako wawili. Baba na mama."

Nikacheka. Nikajua: Gati kamwambukiza. Nikamuuliza kama na yeye siku hizi anaongea Kikurya.

"Mimi?" akasema. "Hata neno moja silijui, dada."

Nikaacha kucheka. Akadhani nimeudhika, akaongeza kwa upole kwamba hawatanikata chochote, na kwamba yule mzee ni mpole sana, hakuzungumza na mtu, alikuwa anapitapita tu akigusa kuta.

Nimefunga duka.

Ukungu bado uko juu ya mahindi. Sijampigia Mama kumwambia, nadhani yeye ndiye asiyehitaji kuambiwa. Simu ya Baba nimeitoa kwenye droo, nimeiweka kwenye chaji, karibu na dirisha ambako mtandao unashika. Kisha nimetafuta sindano na kifungo cha kahawia. Jumamosi naenda Kemambo.

Mwakani sitatangaza. Waendelee na ofa zao. Siku zetu zikifika, mfumo utaniuliza jina la mgeni, nami nitaandika herufi ya kwanza tu, niuachie umalizie. Idadi ya watu wazima nitaandika watatu.

Nitaweza kulala mle?